Ngalawa ya ndubi moja ikipinduka: kuirudisha kwa mikono au kwa kamba?

Kafi_Jepesi
Wakuu, kikosi chetu kinatumia ngalawa ya watu sita, ndubi moja tu (boya la pembeni) upande wa kushoto. Wenzetu wawili ni wepesi wa mwili na mmoja bado hajiamini majini. Tunabishana jinsi ya kuirudisha ikipinduka. Njia ya kwanza: wawili wanapanda juu ya mkuku (mgongo wa chini wa ngalawa), wanashika matengo, ile miti inayoishikilia ndubi, na kujitupa nyuma, huku wengine wakisukuma ndubi kutoka chini. Ya pili: kamba iliyofungwa kwenye tengo inapitishwa juu ya mkuku, mnaivuta. Ipi mnaiamini bahari ikichafuka? Na nikitoka peke yangu na ile ya mtu mmoja, nijifunge kamba ya mguu, ile inayokuunganisha na ngalawa?

Tezi_Sita
Kabla ya njia yoyote, hesabuni watu. Kila mmoja ataje namba ya kiti chake kwa sauti, moja hadi sita. Namba isipoitika, mtafuteni chini ya ngalawa kwanza, hasa kama mlikuwa mmefunga kifuniko cha turubai, maana mtu hunasa humo. Mimi siruhusu mtu kugusa ndubi kabla ya namba sita zote kusikika.

Kwenye swali lako, mikono ndiyo ya haraka kama mna watu wazito. Wa 3 na wa 4 wapande juu, wa 2 na wa 5 waende kwenye ndubi kuisukuma, kila mmoja penye tengo lake. Wa 1 akusanye makafi, wa 6 ashike tezi. Ugumu uko kwa wanaosukuma, kwa sababu hawana pa kukanyaga. Unasukuma ndubi juu, mwenyewe unazama. Lazima wapige miguu kwa nguvu na wote waende kwa hesabu moja.

Ndubi ikishapita juu inashuka kwa kishindo upande ule ule walikoangukia waliovuta. Walinde vichwa kwa mikono.

BintiOmo
Mimi ni wa kamba, na sababu ni hao wepesi wako wawili. Mwenye mikono mifupi akisimama juu ya mkuku halifikii tengo vizuri, na akilifikia limelowa, linateleza. Akiwa na kamba anasimama wima, anaweka uzito wote wa mwili nyuma, na tengo linanyanyuka. Ila ikunjwe na kufungwa kwa mpira chini ya tengo. Kamba inayoning'inia ovyo itamnasa mtu mguu wakati mmeshapinduka, na hapo mna matatizo mawili.

Tezi_Sita
@BintiOmo nakubali. Basi waanze kwa mikono, ikigoma mara mbili wachukue kamba. Wasing'ang'anie.

Maji_Baridi
Naunga mkono hilo la kutong'ang'ania, na kwetu tunaopiga kafi kwenye maji baridi ni suala la uhai. Maji yakiwa ya baridi kali, dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu. Baada ya hapo una kama dakika 10 ambazo vidole bado vinakutii, halafu kama saa 1 kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Kwa hiyo jaketi livaliwe tangu nchi kavu. Lile la povu linakuelesha hata ukiwa umezimia. La mkanda wa kiunoni linangoja wewe ulivute ndipo lijae hewa, na vidole vilivyokufa ganzi havivuti kitu. Redio isiyoingia maji ifungwe mwilini mwa mtu, ikiwa kwenye chaneli 16 ya dharura, siyo ndani ya ngalawa.

MamaWimbi
Mnazungumzia kuigeuza kana kwamba hapo kazi imekwisha. Ngalawa iliyojaa maji inapinduka tena kirahisi kuliko mwanzo. Mmoja aning'inie kwenye tengo karibu na ndubi ili isinyanyuke, wawili wepesi ndio waingie ndani kukumba maji, wengine wabaki majini wameshika kingo. Hao wepesi wako wana faida kubwa hapa! Kwa kukumba, dumu kubwa lililokatwa linaishinda pampu ya mkono mwanzoni. Pampu ni ya kumalizia.

Na ikishindikana kabisa, msiiache ngalawa. Hōkūleʻa, mtumbwi wa matanga wa Hawaii, ilipopinduka kwenye mlango wa bahari wa huko mwezi Machi 1978, Eddie Aikau, mmoja wa mabaharia wake, alikwenda kutafuta msaada kwa ubao wa mawimbi, hakuonekana tena. Waliobaki na chombo waliokolewa. Alikuwa mlinzi hodari wa waogeleaji, moyo wake ulikuwa kwa wenzake, na bado bahari ilimshinda.

BintiOmo
Kamba ya mguu: nje baharini, jifunge. Ya mtu mmoja ni nyepesi, upepo unaisukuma haraka kuliko unavyoweza kuogelea. Penye mawimbi yanayovunjika au mto wenye visiki, ile ya kifundo cha mguu ni hatari. Tumia ya kiunoni yenye kifyatuo cha kujifungua haraka.

Kafi_Jepesi
Asanteni sana. Tutafunga kamba na kufanya mazoezi ya zote mbili. Swali la mwisho: ile ya mtu mmoja, nikishaigeuza napandia upande gani?

Tezi_Sita
Kati ya ngalawa na ndubi. Ukipandia upande wa pili, uzito wako unanyanyua ndubi, unarudi majini. Laza kifua kwanza juu ya kiti, piga miguu, kisha geuka ukae.