Chaneli ziuzwe mojamoja kwa sheria, au vifurushi vibaki?

Antena: Naweka hoja mezani. Mdhibiti azilazimishe kampuni za televisheni za setilaiti kuuza chaneli mojamoja. Mteja anataka chaneli 3, analipishwa 80, na ile anayoitaka kuliko zote imepandishwa kifurushi cha juu kwa makusudi. Jibu lao siku zote ni kwamba mitambo hairuhusu. Si kweli! Setilaiti inamwaga chaneli zote kwenye kila dishi lililoelekezwa kwake. Picha zimefungwa kwa funguo zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, na kadi iliyo ndani ya king'amuzi ndiyo yenye orodha ya kile ulichoruhusiwa kufungua. Kadi inayobeba kifurushi kizima haishindwi kubeba chaneli moja. Tuzungumzie hela, mitambo tuiache.

HesabuKwanza: Kwenye mitambo nakuunga mkono, mkuu. Hesabu ndiyo umeiruka. Chukua nyumba 2. Ya kwanza iko tayari kutoa 10 kwa michezo na 3 kwa tamthilia. Ya pili ni kinyume: 3 kwa michezo, 10 kwa tamthilia. Zikiuzwa mojamoja, kampuni itaweka 10 kila moja, kila nyumba itanunua moja, mapato 20. Zikifungwa pamoja kwa 13, nyumba zote 2 zinanunua na kupata zote, mapato 26. Hakuna aliyetoa zaidi ya alichokuwa tayari kutoa. Anayeumia ni nyumba ya tatu, yenye 4 mkononi na inayotaka habari tu. Huyo ndiye wa kutetewa. Na tusifichane, kinachopandisha bei ni mpira. Watu wa mpira wanabebwa na wengine wote.

KiungoMkabaji: Wanabebwa na nani? Haki za ligi hununuliwa kwa mkupuo wa misimu kadhaa. Kampuni inadaiwa kiasi kilekile hata wakitazama watu kumi. Ndiyo maana michezo imewekwa juu kabisa, na hufiki juu bila kulipia za chini zote: katuni, mapishi, mahubiri. Sasa hapo nani anambeba mwenzake? Angalia msimu ukiisha: watu wanashuka vifurushi au wanaacha kulipa, na kampuni zinaanza kugawa ofa. Wanajua hela inatoka wapi.

BintiTamthilia: "Katuni, mapishi, mahubiri" ni dharau, kaka. Nyumba ina watu zaidi ya mmoja na rimoti si ya baba peke yake. Halafu unazungumza kama chaneli zetu ni za bure. Nyingi zinalipwa kwa kichwa: kila mteja wa kifurushi zilimo anahesabiwa, awe anatazama au hatazami. Mwenye chaneli huweka kwenye mkataba kwamba isiwekwe juu ya kifurushi fulani, au alipwe kima cha chini hata wateja wakipungua. Kwa hiyo unalipia tamthilia yangu, na mimi nalipia ligi yako. Ila mimi natazama kila jioni, na ligi ikienda mapumziko king'amuzi kinalipiwa kwa sababu yetu.

Antena: Jamani, niliuliza kuhusu sheria. India walishalazimisha, kila mtu anachagua mwenyewe na bei zikashuka.

Msomakanuni: Hazikushuka kwa wengi, ndugu Antena. Agizo la TRAI, mdhibiti wa mawasiliano wa India, ni la 2017, likaanza kutumika Februari 2019. Kila chaneli ya kulipia ilibidi itangaziwe bei yake, na yenye bei zaidi ya rupia 19 isiingie kwenye kifurushi. Ya bure na ya kulipia zisichanganywe kifurushi kimoja. Lakini mteja alianza na ada ya mtandao wa kurushia matangazo, rupia 130 kwa chaneli 100, ukiweka kodi ya 18% ni kama 153, kabla hajachagua chaneli hata moja ya kulipia. Halafu wenye chaneli wakatoa punguzo kubwa mno kwenye vifurushi vyao, ikawa kununua mojamoja ni hasara. Marekebisho ya 2020 yakashusha kile kikomo cha 19 hadi rupia 12, kesi zikafunguliwa, na mwishoni mwa 2022 kikarudishwa 19 na punguzo likawekewa ukomo wa 45%.

Kanada walianzia chini. Kuanzia Machi 2016 kila kampuni yenye leseni ililazimika kuwa na kifurushi cha msingi kisichozidi dola 25 kwa mwezi, na kufikia Desemba mwaka huohuo ikabidi iuze nyongeza kwa chaneli mojamoja na pia kwa vifurushi vidogo vya hadi chaneli 10. Malalamiko yakahamia kwenye ada ya kukodi king'amuzi, iliyokuwa nje ya hizo dola 25. Ile nyumba ya tatu ya HesabuKwanza inasaidiwa na kanuni ya namna hii kuliko ya India.

KiungoMkabaji: Rupia 19 hiyo umeipita haraka. Chaneli kubwa ya michezo ikapangwa 19 kamili. Ligi kwa 19! Nani alikuwa anambeba nani?

BintiTamthilia: Na chaneli kubwa za tamthilia zikapangwa 19 hiyohiyo. Soma orodha yote kabla ya kushangilia.

FundiDishi: Mkiwa mnagombana, kuna watu wanalaumu kifurushi na tatizo liko juu ya paa. Soma ujumbe kwenye kioo. Ukisema hujaruhusiwa au chaneli imefungwa, hayo ni ya kadi na malipo. Ukisema hakuna mawimbi, ni dishi, waya au LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Zikipotea chaneli nusu, angalia kama zote ni za polarisheni moja, yaani mawimbi ya wima au ya mlalo: king'amuzi hupeleka volti 13 kwa wima na 18 kwa mlalo. Waya ukiwa na kutu au maji kwenye kiungio, volti 18 haifiki na za mlalo zinakufa peke yake. Kata kipande kilichoharibika, funga kiungio kipya, zungushia utepe wa mpira.

Kwa malipo: washa king'amuzi *kabla* ya kulipa, weka chaneli iliyo ndani ya kifurushi, kiache nusu saa. Amri ya kufungua inarushwa kutoka setilaiti na kurudiwa kwa muda fulani tu. Kikiwa kimezimwa inakupita, na itabidi uombe itumwe upya. Usichomoe kadi katikati.

HesabuKwanza: Hapo kuna hoja ya sheria, fundi. Siku zinahesabiwa tangu hela iingie, wakati picha inaweza kufunguka kesho yake.

Msomakanuni: Na hapo ndipo kanuni ingefanya kazi leo bila kuvunja kifurushi chochote. Moja: siku zianze amri inapotumwa king'amuzi kikiwa hewani. Mbili: chaneli ikihamishwa kabla muda uliolipiwa haujaisha, mteja aachiwe hadi siku ya mwisho au aongezewe siku. Mikataba mingi inaipa kampuni ruhusa ya kubadili orodha wakati wowote, na mteja hadai kitu.

Antena: Hilo halitoshi. Wataisubiri siku ya mwisho, kisha wataihamisha.

Msomakanuni: Wataihamisha, ndiyo, ila utakuwa umejulishwa kabla hujatoa hela ya mwezi unaofuata. Leo unajua ukiwa umeshalipa.

KiungoMkabaji: Na wanahamisha mpira kwanza, wakijua hatuwezi kukaa bila. BintiTamthilia, bado nasubiri jibu la ofa za mapumziko ya ligi. Mbona hawazitoi tamthilia ikiisha?

BintiTamthilia: Kwa sababu ikiisha moja, nyingine inaanza kesho yake saa ileile, kaka. Sisi hatuondoki ndiyo maana hatubembelezwi, na bei ikipanda tunapandishiwa sote.