Chemsha bongo za mtandaoni zimewachangamsha wanafunzi, lakini je, wanafikiri?

Mwalimu_Sayansi:
Walimu wenzangu, kwa muhula mzima nimetumia chemsha bongo za mtandaoni katika somo la sayansi. Darasa limechangamka na majibu sahihi yameongezeka, lakini nikimwuliza mwanafunzi sababu ya kuchagua jibu fulani, mara nyingi hana la kusema. Nahofia kwamba saa inayohesabu sekunde kwenye skrini inawazoeza kubahatisha haraka badala ya kupima hoja. Je, zana hizi zinaweza kweli kujenga fikra tunduizi?

Mkufunzi_Fizikia:
Zinaweza, Mwalimu, ila kwanza zima hiyo saa. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alijulikana tangu miaka ya 1990 kwa utaratibu ambao kila mwanafunzi hujibu swali moja peke yake, kisha hujadiliana na jirani yake, na ndipo hujibu tena. Waliopata katika jibu la kwanza, yaani kura ya kwanza, wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, fundisha upya. Wakizidi 70, songa mbele. Wakiwa katikati ya hapo, ndipo wanapokuwa na mengi ya kubishania. Matokeo ya kura ya kwanza uyafiche, kwa sababu wakiona jibu moja limependwa na wengi watalifuata bila kuuliza. Swali nalo liwe na mtego: jiwe lililorushwa juu, likifika kileleni, je, bado kuna nguvu inayolivuta? Wengi watasema hakuna, kwa kuwa limesimama kwa kitambo kidogo, kumbe mvutano wa dunia bado unalivuta chini.

Mkutubi:
Mimi ningetoka kabisa nje ya chemsha bongo. Fungueni makala ya Wikipedia, lakini msiishie kwenye makala yenyewe. Ingieni katika historia ya marekebisho na ukurasa wa majadiliano, mwanafunzi achague sentensi moja na kufuatilia ilivyobadilishwa na sababu zilizotolewa. Ipo pia tovuti ya mzaha ya mwaka 1998 kuhusu pweza anayeishi mitini, ambayo ina sura ya kitaalamu kiasi kwamba anayeikagua bila kutoka ndani yake hudanganyika kwa urahisi. Waache waihukumu kwanza, kisha wafungue kurasa nyingine waone wengine wanasema nini kuihusu.

Mwalimu_Sayansi:
Nashukuru. Kuhusu saa nimekubali, ingawa nakiri kwamba ndiyo iliyokuwa inawachangamsha. Linalonisumbua sasa ni alama: nimpe nini aliyeacha jibu sahihi na kuhamia kwenye kosa baada ya kujadiliana?

Mkufunzi_Fizikia:
Kura usizitolee alama hata kidogo. Sahihisha sentensi mbili atakazoandika baada ya kura ya pili, akieleza ni hoja ipi iliyomhamisha, au kwa nini hoja ya mwenzake haikumshawishi. Sentensi hizo zisome kabla ya kipindi kinachofuata, kwa kuwa ndizo zitakazokupa swali la kuanzia.