Mjadala: Wanachuo wa ualimu tuwe na chama chetu cha kitaifa, au CWT (Chama cha Walimu Tanzania) na serikali za wanachuo zinatosha?

MWANZISHA MADA

Wakuu habari za jioni. Hii mada nimekaa nayo moyoni tangu nikiwa chuo, nimemaliza stashahada ya ualimu na sasa hivi najitolea shule moja ya msingi nikisubiri ajira, kwa hiyo naongea kama mtu aliyetoka humo juzi tu, wakubwa zangu wakufunzi na walimu wa siku nyingi mnivumilie.

Swali lenyewe ni moja. Je wanachuo wa vyuo vya ualimu Tanzania nzima wawe na chama kimoja cha kitaifa, chenye viongozi wanaochaguliwa na wanachuo wenyewe na wenye haki ya kukaa mezani na wizara? Mimi nasema ndiyo.

Nianzie BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni, maana ndiko kunakouma. Mwaka wa kwanza tulipangwa watatu shule moja ya kijijini, wiki nane. Chuo kikatupa barua ya utambulisho na fomu za tathmini, basi. Nauli yetu, chumba tumepanga wenyewe, godoro moja la futi nne wawili wanalala juu mmoja kwenye mkeka kwa zamu, manila na maka peni tunanunua wenyewe. Darasa la tatu nililopewa lilikuwa na watoto 118, madawati hayatoshi, wa mbele wamekaa sakafuni wanaandikia mapajani. Mwalimu wa darasa alivyoniona tu akanikabidhi rejista na vipindi vyote akaenda kukomaa na darasa la nne wanaojiandaa na mtihani wa taifa, na simlaumu hata kidogo, shule nzima walikuwa walimu sita. Usiku naandika andalio la somo kwa tochi ya simu, simu ikizima napeleka kuchajisha dukani, nasubiri mpaka saa tatu ndo namalizia. Mkufunzi wa kututathmini alikuja mara moja, akakaa dakika kama ishirini kwenye kipindi changu cha Hisabati, akajaza alama, akapanda gari akaondoka. Mwenzetu mmoja wa kike wiki ya mwisho alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku na hakutuambia, tukajua siku alipodondoka mstarini asubuhi watoto wakiimba wimbo wa taifa.

Tuliporudi tukamweleza rais wa serikali ya wanachuo, akaandika barua kwa mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo akatuita, akatusikiliza vizuri kabisa, akatuambia wanangu fungu la BTP linapangwa juu, mimi hapa sina kasma ya hiyo kitu. Na alikuwa anasema kweli! Siku hiyo ndo nilielewa tatizo letu liko wapi: mambo yanayotuumiza yanaamuliwa Dodoma na wawakilishi wetu mwisho wao ni geti la chuo. Posho ya BTP, mtaala unaobadilika ukiwa katikati ya masomo, mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani), utaratibu wa ajira, hakuna hata kimoja ambacho mkuu wa chuo anaweza kukibadilisha.

Wenzetu wa vyuo vikuu wana TAHLISO, jumuiya ya wanafunzi wa elimu ya juu, mkopo ukichelewa kuna mtu wa kuita waandishi wa habari na kwenda bodi ya mikopo kuuliza. Sisi mkopo wenyewe umeanza kufika ngazi ya stashahada mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani za kipaumbele tu, na miaka yangu yote chuoni sikuwahi kumuona kiongozi wa kitaifa aliyekuja kutuuliza mnaishije.

Mnakumbuka Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, 2016? Mwishoni mwa mwezi Mei wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalum ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA waliambiwa waondoke chuoni kwa sababu wahadhiri walikuwa na mgogoro wa malipo wakaacha kuwafundisha. Wale vijana hawakugoma, hawakuvunja hata kioo, waliogoma ni wengine na waliobeba mabegi stendi usiku ni wao. Bungeni ikaletwa hoja ijadiliwe kama jambo la dharura, ikakataliwa. Mwezi Julai serikali ikatangaza wengi wao wapelekwe vyuo vya ualimu, wachache tu ndo warudi UDOM. Katika yote hayo nani aliongea kwa niaba yao kama mwakilishi waliyemchagua? Wabunge waliongea, magazeti yaliandika, wazazi walilia, wao wenyewe walikuwa wanapokea matangazo tu.

Ghana wana chama hicho, kinaitwa TTAG, kinaunganisha wanachuo wa vyuo vya ualimu nchi nzima. Serikali ilipoondoa posho yao kwenye mwaka wa masomo 2013/14 na kuwaelekeza kwenye mikopo, hawakunyamaza, walipiga kelele miaka yote hiyo na Septemba 2017 posho ikarudishwa. Sisi tungechukua muda gani? Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI WA 1

Mdogo wangu, nakupongeza kwa kuandika kwa adabu, mimi ni mkufunzi miaka mingi sasa. Hiyo habari ya binti kudondoka imenigusa sana na sitaitetea. Lakini chama cha kitaifa nakipinga na nitakwambia kwa nini.

Huo mfano wako wa Ghana umeusimulia nusu. Posho ile ilirudi kwa sababu chama kimoja cha siasa kiliifanya ahadi ya kampeni uchaguzi wa 2016, kikashinda, kikatekeleza. Sasa jiulize, mwanachuo akishakuwa kura ya kugombaniwa, chuo kitabaki chuo? Viongozi wenu watafuatwa na makada kabla hawajamaliza hata muhula, watapewa nauli na tisheti, na nyie mliobaki mtakuwa mnagombana bwenini. Nimeona serikali za wanachuo zinavyochafuka kwa mambo madogo kuliko hayo.

La pili, mnakaa chuo miaka miwili. Mwaka wa kwanza mwanachuo bado anatafuta bweni liko wapi, mwaka wa pili ana BTP na mtihani wa taifa. Huyo kiongozi atajifunza lini bajeti ya wizara inavyopangwa? Mimi ningeshauri kitu chepesi, wanachuo wapangiwe BTP kwenye wilaya za kwao, walale nyumbani, mtakuwa mmeokoa chumba na chakula bila chama chochote.

MCHANGIAJI WA 2

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mwanachama wa CWT. Kwa kweli vyama tumechoka navyo jamani, asilimia mbili ya mshahara inakatwa kila mwezi na kuna siku najiuliza inaenda wapi. Ukianzisha kingine cha wanachuo itakuwa michango tena, tisheti tena, mkutano mkuu Dodoma tena watu wale posho. Kwa nini CWT wasifungue mlango tu, wanachuo waingie kama wanachama watarajiwa bila makato, dawati lao liwe pale makao makuu? Mwalimu ni mwalimu tangu siku anashika chaki.

MCHANGIAJI WA 3

Salamu kutoka Kenya. Naunga mkono huyo wa CWT. Hapa kwetu walimu wa JSS (sekondari ya chini) waliajiriwa kama intern, yaani wa muda tu, kwa shilingi elfu ishirini za Kenya kwa mwezi, wamehitimu kabisa na wana namba ya TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, wakafanya kazi ya mwalimu kamili. 2024 waligoma, na waliosimama nao barabarani ni KUPPET, chama cha walimu wenye kazi tayari. Mahakama ya kazi mwezi Aprili ikasema mpango ule si halali, na 2025 ilipoanza maelfu wakaingia kwa masharti ya kudumu. Peke yao wangefutwa wote asubuhi moja. Mdogo akitembea nyuma ya mkubwa haumwi na mbwa.

MWANZISHA MADA

Nashukuru sana wakuu, hasa mwalimu wangu mkufunzi. Nijibu.

Hili la BTP wilaya za nyumbani nalikubali asilimia mia, lingetuokoa wengi. Ila mwalimu wangu, wewe umelijua miaka yote hiyo na bado halijafanyika, si kwa sababu wewe ni mbaya, ni kwa sababu hakuna anayelisukuma ambaye njaa ni ya kwake.

La siasa nalo ni kweli, siwezi kulikataa. Lakini UDOM 2016 hapakuwa na chama cha kitaifa cha wanachuo na siasa zikaingia vilevile, zikapita juu ya vichwa vyao.

CWT sasa. Naiheshimu, nikiajiriwa nitajiunga. Ila chama cha wafanyakazi kinamtetea mwenye mwajiri, na mwanachuo hana mwajiri. Tena kwenye BTP maslahi yetu hayalingani kabisa. Mimi nikifundisha vipindi 30 kwa wiki bure, mwalimu aliyeajiriwa anapumzika kidogo na halmashauri inaokoa hela. CWT itasimama kweli kumwambia mwanachama wake rudisha vipindi vyako, huyu mwanachuo amekuja kujifunza si kuziba pengo? Na ndugu yangu wa Kenya, wale walikuwa wameshahitimu, wana namba ya TSC, KUPPET ilikuwa na pa kuwashikia. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza anashikwa wapi?

Angalieni hata NETO, umoja wa walimu wasio na ajira, umesikika sana mwanzoni mwa 2025, watu waliohitimu kuanzia 2015 huko wakilalamikia usaili wa ajira. Walianza kuungana wakiwa wametawanyika kila mkoa, mmoja bodaboda, mwingine shamba. Hao wote walikuwa bweni moja, ukumbi mmoja wa chakula, na wakati huo ndo ilikuwa rahisi kuungana.

MCHANGIAJI WA 4

Mimi niko chuo sasa hivi mwaka wa pili, naomba nichangie kidogo. Kaka umeongea kweli tupu ila kuna kitu hujasema, woga. Kwetu ukitaka kugombea serikali ya wanachuo jina linapita kwanza ofisini, anayeuliza maswali mengi halirudi. Alama za BTP wanashika hao hao, za mwenendo hao hao. Nani ataenda kusaini barua ya malalamiko ya kitaifa wakati tathmini yake bado haijasainiwa? Sisi wadada ni zaidi, maana ukipangiwa shule ya mbali na mwenye nyumba akaanza usumbufu huna pa kusemea, ukisema unaambiwa vumilia wiki zimebaki nne.

Mimi hata posho naiweka pembeni. Ningetaka kwanza tuambiwe kituo mwezi mmoja kabla, sisi tuliambiwa Ijumaa kuripoti Jumatatu, mama aliuza mahindi yaliyokuwa ya mbegu.

MWANZISHA MADA

Dada yangu pole sana, na asante kwa kusema. Hapo umenirekebisha. Nilikuwa nawaza chama chenye katiba na ofisi, kumbe kinatakiwa kwanza kitu cha kumlinda anayesaini. Basi nabadilisha pendekezo langu: viongozi wa kitaifa wawe waliomaliza ndani ya mwaka mmoja, ambao alama zao zimeshatoka na hakuna wa kuwagusa, wachaguliwe na walio vyuoni. Ada ya uanachama isiwepo, hapo nimemsikia mwalimu wa sekondari. Na hoja ya kwanza kupeleka wizarani iwe hiyo ya kwako, kituo kijulikane siku 30 kabla na kiwe wilaya ya nyumbani kwa anayetaka. Posho ifuate.

Mwalimu wangu mkufunzi, hili la viongozi waliokwishahitimu unalionaje? Ukilikubali hata wewe, nitaandika rasimu wikendi hii nikuletee uisome kabla ya mtu mwingine yeyote.