Naomba ushauri: boksi la riwaya za senti kumi na majarida ya palpu

Kurasa_Kavu: Wakuu, salaam. Hapa Ohio kuna boksi linauzwa: vitabu 14 vya Beadle (kampuni ya New York iliyochapa riwaya za senti kumi karne ya 19) na majarida ya palpu, yaani ya hadithi kwenye karatasi duni ya bei rahisi, kama 30 ya miaka ya 1930. Muuzaji anasema kimoja ni namba 1 ya mfululizo wa Beadle, ya Juni 1860 yenyewe, na jalada lake lina picha. Nikague nini kabla ya kutoa hela? Nikinunua, nihifadhije?

Mpekuzi60: Mkuu, hiyo picha imeshakujibu. Beadle's Dime Novels namba 1 hadi 28 zilitoka kwanza na jalada la rangi ya samoni (waridi iliyoelekea chungwa) lisilo na picha. Mchoro wa kuchonga ubaoni ulianza namba 29, halafu zile 28 zikachapwa upya na picha. Basi hicho ni chapa ya baadaye. Kina thamani yake, lakini usikilipie bei ya chapa ya kwanza.

Vilivyobaki, soma matangazo ya kurasa za mwisho. Orodha ikitaja namba zilizotoka baada ya kitabu chenyewe, ujue nakala hiyo imechapwa baadaye. Tazama na anwani: kampuni ilihama jengo hadi jengo kwenye mtaa uleule wa William, New York, kwa hiyo namba ya jengo inakusogeza karibu na kipindi. Kisha pima. Vingi ni sm 16.5 kwa 10.8, kurasa kama 100. Ukikuta maandishi yamebanana na ukingo, kiliwahi kujalidiwa na wenzake kikapunguzwa kwa kisu.

Mwaka wa hakimiliki usiutegemee peke yake. Mchapishaji Arthur Westbrook wa Cleveland alichapa upya hadithi nyingi za zamani, na mwaka uliobaki ndani ni ule wa mwanzo.

Dada Jalada: Kwenye palpu anza na chini ya boksi. Ukikuta makombo ya kahawia, karatasi imeshakauka na itaendelea kukatika kila ukifunua. Usijaribu kukunja kona! Karatasi ile ni ya rojo la mti, imebaki na lignini (kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti), na ilitengenezwa kwa alumu (chumvi ya alumini) inayozaa asidi, ndiyo maana inajila yenyewe. Dawa ya kuondoa asidi hupunguza kasi tu, haiirudishii nguvu.

Hesabu kurasa zote, kagua pini mbili za ubavuni kama zina kutu, na uangalie mgongo. Jalada la palpu kwa kawaida hujitokeza kupita kurasa, kwa hiyo kingo huchanika. Wengine walizikata ili zionekane nadhifu, na hapo thamani hushuka. Ukihofia nakala mpya ya kuigiza, pitisha kidole kwenye mkunjo wa jalada: mkunjo unaoonekana lakini hausikiki kidoleni ni picha ya mkunjo.

Mpekuzi60: Kuhifadhi: mfuko wa poliesta, kila jarida lake, nyuma kadi yenye alkali. Mfuko wa plastiki ya PVC hapana kabisa. Mdomo wa mfuko usiuzibe, mvuke wa asidi ukinaswa ndani unaharakisha uharibifu. Laza majarida, yasizidi 10 kwa rundo. Unyevu asilimia 35 hadi 50, joto chini ya nyuzi 21. Besimenti inaleta ukungu, darini kuna joto. Chumba cha kulala, kabatini mbali na dirisha, ni bora kuliko vyote viwili.

Kurasa_Kavu: Asanteni sana. Na jalada lililochanika, naweza kuliunga kwa selotepu?

Dada Jalada: Hapana, mdogo wangu. Gundi yake huzama kwenye karatasi, ikaacha doa la manjano ambalo halitoki. Tumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, nzito, kidogo sana, maana maji yakizidi yanaacha mstari wa kahawia. Kipande ukichane kwa mkono, usikate kwa mkasi, ili nyuzi za kingo zishike. Bandika upande wa ndani, weka karatasi ya kunyonya maji juu na chini, kandamiza kwa uzito mpaka kesho yake. Palipochanika mgongoni pamoja na pini zenye kutu, usipaguse; mpelekee fundi wa kuhifadhi karatasi.