Duka jipya la santuri mjini: niuze sahani za marehemu baba au ninunue gramafoni?

MamaLulu_Umoja
Hamjambo wadau. Jumamosi iliyopita nilienda Biashara Street kumnunulia mtoto sare za shule, nikasikia gita likishuka ngazini. Gita la Shirati Jazz, ile bendi ya benga, muziki wa magita wa Wajaluo, siwezi kulikosea. Ndilo lililokuwa likituamsha Jumapili nyumba za Reli, Makongeni. Nikapanda. Ghorofa ya kwanza, chumba kimoja, rangi ya ukutani bado inanuka, makreti ya soda yamejaa santuri. Mwenye duka ni kijana, na kilichonifurahisha ni kwamba hakusumbui. Unachagua, unaiweka mwenyewe kwenye gramafoni, anakupa spika za masikioni, anarudi kwenye kitabu chake. Nilikaa saa nzima na mfuko wa sare magotini.

Sasa, nina katoni ya Kimbo chini ya kitanda. Ndani mna sahani ndogo 31 alizoacha baba. Jumanne nikambebea kijana sita azione. Ya kwanza, ya D.O. Misiani, kiongozi wa hao Shirati, ilianza vizuri: wakaimba, besi ikaingia, magita yakaanza kupandana, nami nikatikisa bega kidogo. Halafu sauti ikafifia, kimya. Hata ngoma haikuwa imekolea. Ya pili vivyo hivyo. Nikaona haya kama mtu aliyepeleka kuku mgonjwa sokoni. Kijana alikuwa na mteja mwingine, akaniambia harakaharaka, "Mama, sita zote nakupa elfu moja na mia mbili." Nikazirudisha mfukoni nikamwambia ngoja nifikirie.

Je, zimeharibika? Bei hiyo ni ya haki? Na nikitaka kuzisikiliza nyumbani, nimeona gramafoni ya kubeba kama mkoba, rangi ya waridi, elfu nane na mia tano. Itafaa?

Nimesahau: kwenye kila lebo baba aliandika kwa kalamu ya bluu, upande mmoja 1, upande wa pili 2, kubwa mno. Nahofia hiyo inashusha bei.

Mzee_wa_Kaunta
Mwanangu, pole kwa kuondokewa na mzee. Sahani zako hazina ugonjwa. Zigeuze.

Sahani ile ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika nne, tano hivi kila upande, na benga haimalizwi kwa dakika nne. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili, cha kwanza mbele, cha pili nyuma. Mbele ni maneno: mwimbaji anawasalimu watu, anamtaja shemeji, anamsifu rafiki aliyemnunulia viatu. Magita yanafunguliwa kamba huko nyuma. Mimi nilikuwa kwenye kaunta ya baa Eastleigh kuanzia 1976, tukiwa na jukboksi, na mashine ile ilicheza upande mmoja kwa malipo ya mara moja. Watu wameshasimama, jasho ndiyo linaanza, wimbo unafifia. Mtu atie sarafu nyingine, la sivyo wote warudi vitini. Tajiri wetu aliipenda benga kwa sababu hiyo tu, hata neno moja la Kijaluo hakulijua.

Namba za baba yako ni za mtu aliyegeuza sahani gizani. Maandishi ya lebo ni madogo kama chawa. Usizifute.

Kreti_Tatu
Mia mbili kwa sahani si wizi, lakini si bei ya kukimbilia. Kijana ana kodi ya chumba mjini, na nyingine zitamkalia mwaka mzima, hilo tumwelewe. Ila hakuzikagua moja moja, nawe hukuzikagua. Inamishe sahani chini ya balbu. Mikwaruzo myembamba inayoonekana tu mwanga ukipita haina neno. Pitisha ukucha polepole: ukikwama ukucha, na sindano itakwama.

Halafu usidhani jina kubwa ndilo pesa nyingi. Zilizouzwa kwa wingi bado zimejaa majumbani. Zinazosakwa ni za bendi zilizorekodi sahani moja mbili, halafu River Road, mtaa wa wauza santuri wa Nairobi enzi hizo, ikazimeza. Kampuni ya santuri ya Soundway, London, ilipotoa mkusanyo wa nyimbo zetu za zamani, Kenya Special, mwaka 2013, hata Wazungu ambao hawajawahi kukanyaga hapa walianza kuzitafuta. Kabla hujauza, pita Kenyatta Market. Kule kwa nyama choma na wasusi kuna kibanda cha santuri cha miaka mingi. Sikia na wao wanasemaje.

Wifi_ya_Jirani
Si hizo nyimbo zote ziko YouTube? Uza, nunua unga.

FundiNgara
Dada, hicho kimkoba cha waridi kiache hapo hapo. Mimi ndiye ninayeletewa vikishaharibika. Mkono wake unakandamiza sahani kwa gramu tano hivi, wakati gramafoni nzuri ni kama mbili. Tena spika zimo kwenye kisanduku kilekile, besi ikigonga sindano inaruka, nawe unailaumu sahani. Tafuta ya mitumba ya Kijapani. Ukiikuta inaimba kama mlevi, mara nyingi ni mkanda wa mpira umelegea, kazi ya dakika kumi.

Angalia na matundu ya katikati. Yakiwa makubwa, karibu sentimita nne, unahitaji kile kiduara cha plastiki cha kuzibia.

Za kuosha: maji ya kuongeza kwenye betri, yale safi ya kituo cha petroli (si asidi, tafadhali!), tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, uzungushe ukifuata mistari. Lebo isilowe. Ukikuta zile nzito za zamani, za mizunguko 78, zinazovunjika kama kigae, usiziguse na spiriti, zinayeyuka, na sindano yake ni nyingine, nene. Na toa katoni chini ya kitanda. Zisimame kama vitabu, zikilaliana zinapinda.

MamaLulu_Umoja
Wifi, unga upo, asante.

Nimerudi dukani leo. Nikamwambia kijana, "Geuza." Akacheka, akasema alidhani najua, na alinionea aibu kuniuliza. Upande wa 2 ulipoanza, mlinzi wa jengo aliingia na rungu lake akasimama mlangoni mpaka mwisho.

Mzee, umenikumbusha kitu. Baba alikuwa akiinuka kitini katikati ya wimbo, kikombe mkononi. Mama anamwambia keti unywe chai, naye anajibu, "Ngoja kwanza." Miaka yote nilidhani anaenda kufunga dirisha kwa ajili ya majirani.

Nimeuza mbili, zile ambazo baba alikuwa na nakala mbili mbili, mia nne kila moja. Kijana hakubishana. Nyingine nimezisimamisha kabatini.

Fundi, kile kiduara cha plastiki unauza ngapi? Matundu makubwa ni 23.