Mfuko unaojiita "wa kijani": nikague nini kabla ya kuweka pesa?

Msaka_Gawio: Habari wadau. Nachagua kati ya mifuko miwili ya uwekezaji wa pamoja. Wa kwanza unajiita "wa kijani", una alama za juu za mazingira, na ada yake ni asilimia 1.5 kwa mwaka. Wa pili unafuata faharasa ya soko (orodha ya hisa inayowakilisha soko zima), umeondoa makaa ya mawe tu, na ada ni asilimia 0.2. Sitaki pesa yangu iende kwenye uchafuzi. Nianzie wapi, na je, alama hizo ni za kuaminika?

Mpekuzi: Mkuu, anza na orodha kamili ya hisa, si zile kumi kubwa za kwenye kipeperushi. Kisha soma sera ya uwekezaji utafute kikomo cha kuondoa kampuni, maana ujanja mwingi umejificha hapo. "Hatuwekezi kwenye makaa ya mawe" huenda ikamaanisha kampuni ambazo makaa yanazidi asilimia 30 ya mapato yao. Kampuni kubwa yenye migodi mikubwa, lakini yenye biashara nyingine kubwa zaidi, inapita bila shida. Angalia pia kama katazo linagusa wachimbaji pekee au hata mitambo ya umeme inayochoma makaa hayo. Ukitaka kigezo kikali, chukua cha Umoja wa Ulaya kwa mifuko yenye majina ya kimazingira: angalau asilimia 80 ya uwekezaji iendane na jina, na kampuni ikipata asilimia 1 au zaidi ya mapato kutoka makaa, au 10 au zaidi kutoka mafuta, iko nje.

Tani_kwa_Tani: Alama zisome kwa tahadhari. Nyingi hupima hasara ambayo masuala ya mazingira yanaweza kuiletea kampuni, wala si madhara ambayo kampuni inayaletea mazingira. Tena kampuni hulinganishwa na za sekta yake, kwa hiyo hata ya mafuta inaweza kung'ara. Utafiti wa Berg, Kölbel na Rigobon wa 2022 ulilinganisha watoa alama sita na kukuta uwiano wa wastani wa 0.54 tu kati ya alama zao (1 ingemaanisha wanakubaliana kabisa).

Jingine ni tani za hewa chafu kwa kila milioni ya mauzo. Bei ya bidhaa ikipanda maradufu, kipimo hicho kinashuka nusu bila tani hata moja kupungua. Omba jumla ya tani, pamoja na kundi la 3, yaani hewa inayotoka nje ya shughuli za kampuni yenyewe, kwa wasambazaji wake na mteja anapotumia bidhaa. Kwa kampuni za mafuta, sehemu kubwa iko humo.

Msaka_Gawio: Shukrani sana. Na hatifungani za kijani, yaani mikopo ya kugharimia miradi ya mazingira, je?

Mpekuzi: Uliza kama pesa inajenga mradi mpya au inalipia upya deni la mradi wa zamani, na kama ripoti ya matumizi inakaguliwa na mtu wa nje. Kwa kawaida mtoaji akizitumia pesa kinyume na ahadi, hahesabiwi kuwa ameshindwa kulipa, hivyo huwezi kudai mtaji wako urudi mapema.

Tani_kwa_Tani: Ada nayo ipigie hesabu, ndugu. Ukiweka 10,000 kwa miaka 20, faida ikiwa asilimia 6 kabla ya ada, mfuko wa 0.2 unakupa takriban 30,900, wa 1.5 unakupa 24,100. Kabla ya kulipa tofauti hiyo, fungua rekodi ya kura ambazo meneja wa mfuko amepiga kwenye mikutano mikuu ya kampuni. Mwaka 2021 kampuni ndogo ya uwekezaji ya Engine No. 1, wakiwa na takriban asilimia 0.02 tu ya hisa za ExxonMobil, waliingiza wakurugenzi watatu kwenye bodi kwa sababu wanahisa wakubwa waliwaunga mkono. Kama meneja wako huwa anaupigia uongozi kura ya ndiyo kila mara, chukua wa 0.2.