Oda zinaganda sekunde nzima, bando la kasi halijasaidia

stoo_kongo: Habari za jioni wakuu. Vijana wangu wanapokea oda za vitenge kwa simu pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Seva iko Frankfurt. Kwa kawaida oda inaingia chini ya nusu sekunde, ila mchana watu wakijaa nyingine zinaganda. Nimepiga ping (kipimo cha mtandao), pakiti (vipande vya data) mbili tatu katika kila mia zinapotea. Nimenunua bando la kasi zaidi, hali ni ileile. Oda ni maandishi tu, haina hata picha! Mteja amesimama na hela mkononi, inaniuma sana.

fundi_seva: Pole mkuu. Kasi haitibu hili, kinachokula muda ni kusubiri. Fungua logi (kumbukumbu za programu) uone oda zimeganda kwa muda gani. Zikicheza kwenye sekunde 1 na 3, inayopotea ni pakiti ya kufungua konekisheni (njia ya mawasiliano kati ya simu na seva): simu inasubiri sekunde 1 ndipo itume tena, ikipotea tena inasubiri 2, jumla 3. Usifungue konekisheni mpya kwa kila oda. Fungua moja asubuhi, iache hai.

Zikiganda nusu sekunde hivi, ni TCP yenyewe, utaratibu unaohakikisha pakiti zote zinafika kwa mpangilio. Pakiti ya katikati ikipotea, zinazofuata zikifika mpokeaji analalamika. Malalamiko matatu yanatosha mtumaji arudie hapohapo. Oda yako ni pakiti moja au mbili, nyuma yake hakuna kitu, basi hakuna wa kulalamika. Mtumaji anakaa mpaka muda wake wa kusubiri uishe ndipo arudie. Ndiyo maana mwenye oda ndogo anaumia kuliko anayepakua filamu, na wauza bando hawakuambii.

dada_ruta: Naongezea. Ndani ya konekisheni moja ya TCP, oda ya kwanza ikipoteza kipande, ya pili inazuiliwa hata kama imeshafika. QUIC, utaratibu mpya zaidi wa kutuma data (waraka wa kiufundi RFC 9000, 2021), inatenganisha mikondo, kila oda inapita kivyake. Na kwa kuwa ni ndogo, itume mara mbili, ila iwe na namba yake ili seva isiiandike mara mbili. Hilo la namba tafadhali usiliruke, utamtoza mteja mara mbili.

stoo_kongo: Nimeangalia logi. Nyingi ni sekunde moja na kitu, chache tatu na kitu, na kweli kila oda inafungua konekisheni yake. Asanteni sana. Nikiiacha wazi, mtandao wa simu hautaikata?

fundi_seva: Ikikaa kimya itakatwa. Tuma alama ndogo kila sekunde 30, ukiona haikatiki ongeza muda taratibu, maana inakula betri.